Kuinenepesha Ngoma ya Mzee Ayoubu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mama amenitia aibu leo, tena mbele ya mke wangu, Latifa. Ametoa kaseti kwenye sanduku lake la chuma, akaifungua kitambaa, akaomba tumpelekee Djo aipige arusini. Djo! Yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye bafle zake, maspika ya kukodisha, zinatikisa mabati yetu tangu asubuhi. Na mimi mwanawe wa kumzaa nina studio humu humu ndani, kati ya kitanda na gunia la mchele. Kompyuta ninayo. Mikro ninayo. Sola ninayo, jua likitaka.

Ndani ya kaseti mna ngoma ya marehemu baba, Mzee Ayoubu. Aliipiga mwaka 2002, wakati wa vita, siku dada yangu alipoolewa. Hakuna nyingine duniani. Jumamosi hii anaolewa Sharifa, binti wa dada huyo huyo. Mama anataka kitu kimoja tu: ausikie mkono wa mumewe arusini kabla masikio yake hayajaziba kabisa. La kushoto limeshaziba.

Nikamwambia aniachie mimi. Akanitazama sana. Akasema haya, Soudi, lakini usiharibu. Kwa nini kila mtu ananiambia nisiharibu?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeinakili kaseti kwenye kompyuta, nikaisikiliza. Maskini baba! Ngoma imekonda, imebaki mifupa. Tip, tip, tip, kama kidole juu ya meza.

Si hiyo ninayoikumbuka. Kabla ya vita, baba akipiga, tumbo langu lilikuwa linacheza lenyewe. Arusi ya 2002 sikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekwama mahali paitwapo Kama, kwa mjomba, kwenye machimbo ya dhahabu, njia zote zimefungwa. Niliporudi Kindu, baba alikuwa tayari chini ya udongo. Sikumzika. Kwa hiyo kaseti hii imemla baba nguvu, na mimi ndiye nitakayemrudishia tumbo lake. Si kazi ya Djo hiyo.

Dawa nimeipata kwenye video. Ndani ya programu mna mlango. Nyuma ya mlango unaweka sauti nene, inayonguruma bila kukoma. Mlango ukifungwa husikii kitu. Halafu unaufunga kamba, na ncha ya pili ya kamba unaifunga kwenye ngoma. Ngoma ikipigwa, kamba inavuta, mlango unafunguka, unene unatoka, puu! Mlango unajifunga tena. Kila tip inakuwa tip-puu, na sikio linadhani ni ngoma moja iliyoshiba. Udanganyifu mzuri kabisa, tena halali. Akili ni mali!

Jumatano, 8 Oktoba

Wa video alitumia sauti ya kutengenezwa na kompyuta. Mimi nikasema hapana, baba hatapewa tumbo la plastiki. Nikaenda na simu kwenye mashini ya kusaga muhogo. Pale kuna mngurumo, vuuuu, mpaka meno yanawasha. Nikasimama kando ya mashini nusu saa nikirekodi, mkono juu, bila kusema. Wanawake waliopanga mstari wakanitazama. Nikawatazama.

Nimerudi nyumbani mweupe kwa unga, kichwa mpaka viatu. Latifa aliuliza kama nimekufa na sasa nimekuja kumuaga. Msanii hajibu.

Nikaiweka mashini nyuma ya mlango, nikafunga kamba, nikabonyeza. Ole wangu! Kumbe wale wanawake walikuwa wanasema muda wote. Kila baba akipiga, mlango unafunguka na kipande cha maneno yao kinatoka. Puu! “Muume wa Latifa.” Puu! “Njo yule pale.” Puu! “Kichwa yake imeharibika.”

Latifa alicheka mpaka akakaa chini. Aliomba nirudie. Nilirudia, maana nilitaka kujua ni nani aliyesema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimekuwa na busara. Unene unatoka kwangu mwenyewe! Damu ya baba si inatembea humu? Nilichukua bidon ya Latifa ya lita ishirini, ile ya kuchotea maji, nikatia mdomo kwenye tundu nikaguna mmmmm robo saa nzima. Mara ya kwanza niliona nyota. Mara ya pili nilianguka kwenye gunia la mchele. Ya tatu imetoka safi. Sasa sina sauti, na Jumamosi mimi, mjomba wa bibi arusi, ndiye ninayetakiwa kuwakaribisha wageni. Latifa naye hana maji.

Nikafunga kamba. Tip-puu, tip-puu! Nilicheza peke yangu kando ya kitanda. Lakini mlango hauna akili, unafungukia kila kelele. Kwenye kaseti kuna jogoo. Jogoo akawika kwa sauti ya ng'ombe. Nikaupunguza mlango usikivu, ungojee mkono wa baba tu.

Tena mwanzoni, kabla ya pigo la kwanza, baba anakohoa. Kikohozi nacho kikafungua mlango: khoo-puu! Hicho nimekikata. Arusi si hospitali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelazimika kwenda kwa Djo. Bafle za arusi ni zake, na waya wa kuziunganisha na kompyuta yangu anao yeye peke yake. Mficha uchi hazai. Nilinong'ona, kwa sababu ya koo, naye akadhani namwambia siri, akanisogelea kabisa.

Akanipa waya papo hapo. Ananikera akiwa mwema. Akaniita kaka, akauliza, Yaya Soudi, ngoma ya mwanzo, ile isiyoguswa, umeitunza? Nikasema iko chini ya mlango wangu, naweza kuifunua kwa kidole kimoja, lakini nani anataka kumwona bibi arusi kabla hajapambwa? Akainama kufuta vumbi kwenye bafle. Nadhani ni wivu.

Latifa amenikumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Nimemjibu kwamba hii iko ndani ya kompyuta, haina ngozi.

Jumapili, 12 Oktoba, asubuhi

Niandike ya jana kabla sijayasahau. Ningependa kuyasahau.

Wageni walijaa uani baada ya alasiri. Sharifa alipendeza, mashallah. Mama alikaa mbele, sikio zima limeelekea bafle, amevaa kikwembe chake cha zamani cha bluu kilichopauka. Nilinyanyua mkono. Nikabonyeza.

TIP-PUU! Mabati yalilia. Kuku walikimbia. Vijana wakapiga vigelegele, wakaanza kucheza. Nilimtafuta Djo kwa macho, nimwone anavyoumia.

Mama hakucheza. Alikaa vilevile, mikono kwenye magoti. Halafu akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri: “Huyu anapiga njo nani?”

Nikamnong'oneza kwenye sikio zima kwamba ni baba. Akatikisa kichwa. “Hapana. Hii haiko Ayoubu. Kikohozi yake iko wapi?”

Watu wakaacha kucheza mmoja mmoja. Mama akauliza tena, sasa kwa machozi, nimempeleka wapi mume wake. Nilitamani kuingia kwenye bidon.

Ndipo akaeleza. Siku ile ya 2002 watu wenye bunduki walikuwa kwenye njia panda, hatua chache kutoka hapa, na ngoma ilikuwa imekatazwa. Baba akasema binti yangu haolewi kama anazikwa. Akachukua kikwembe cha Mama, hiki hiki cha bluu, akakikunja mara mbili, akafunika ngoma, akapiga kwa vidole. Wageni walivua viatu, wakapiga makofi ya vidole viwili. Arusi nzima ikachezwa chinichini mpaka mwisho, na hakuna mwenye bunduki aliyekuja.

Kumbe! Kaseti haikula kitu. Ngoma haikukonda. Nilichokisikia ni kikwembe cha Mama. Na mimi nilikuwa nimemfunika baba kwa mguno wangu mwenyewe siku tatu nzima.

Djo alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Hakucheka. Alisema tu, Yaya, funga mlango. Nikaufunga mlango, nikakirudisha kile nilichokikata, nikaanza upya.

Khoo. Kisha tip, tip, tip. Hakuna aliyesikia vizuri. Mama akavua viatu. Mabibi wengine watatu wakavua. Halafu watu wote uani, hata bwana arusi, hata Djo, makofi ya vidole viwili. Kimya kikawa kikubwa mpaka baba akatosha. Mama alimsogelea Sharifa, wakacheza taratibu mbele ya bafle. Kwenye kikohozi alikuwa amecheka, nilimwona. Nililia mbele za watu, na kwa kuwa sina sauti, hakuna aliyejua isipokuwa Latifa, aliyenishika mkono.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefikiri vizuri. Arusi imefana, na imefana kwa sababu yangu. Nisingeinenepesha ngoma, nani angeuliza kwa nini ilikuwa nyembamba? Djo amepita kutusalimia, akasema kazi nzuri. Bila shaka anataka kujua siri ya mlango. Hatapata.

Mama ameirudisha kaseti sandukuni. Ameniapisha nisiiguse ngoma ya baba tena, hata kidogo. Nimeapa kwa moyo wote. Ngoma sitaigusa.

Lakini kikohozi si ngoma. Nimekisikiliza leo mara ishirini. Ni chembamba mno kwa mtu aliyekuwa na kifua kile. Mama anakipenda, na sikio lake la kulia nalo linazidi kuziba. Je, siku moja asipokisikia kabisa? Mwana gani angekaa bure?

Kamba nimeshaifunga. Jua ni kali, batri imejaa, koo langu limeanza kupona. Latifa anazunguka nyumba tangu asubuhi anatafuta bidon yake.