Makosa Sifuri, Maziwa Lita Arobaini

Jumatatu, 24 Machi 2025
Wiki yangu hii! Mama Gahongayire, mwenye duka la maziwa Kimironko, amekubali nimtengenezee kifaa cha friji. Maziwa yakianza kupata joto, king'ora kinalia hadi mtaa wa pili. Yeye ni mama yake Phiona, na Phiona nitamwoa, Mungu akipenda na mama akipenda. Huyo wa pili ndiye mgumu. Amesema nikiyalinda maziwa yake, wazee wangu waje tuzungumze.

Programu nimeiandika leo leo. Nikaiamuru kompyuta iijenge, yaani iigeuze lugha ya mashine. Makosa arobaini na saba, mekundu pyu! Ingrid, tunayekaa naye meza moja ofisini, akachungulia bila kuitwa. Eti nisome kosa la kwanza, la juu kabisa. Mengine yote ni watoto wake. Asante, mwalimu! Orodha ikiacha kukimbia, skrini inasimama chini, kwa hiyo mimi naanza chini.

Jumanne, 25 Machi
Nimefuta kila kitu, nikakipakua upya. Saa nne nzima. Makosa hamsini na mawili. Yamezaana.

Nikaona nitumie kompyuta ya Ingrid akiwa kwenye chakula. Kaifunga kwa nywila, mchoyo! Nikajaribu jina lake, la mchumba wake, la parokia yake. Aliporudi akauliza kwa nini imejifunga nusu saa. Nikasema umeme wa siku hizi, we acha tu.

Alhamisi, 27 Machi
Nimevumbua! Ukiweka mikwaju miwili, vile vistari vya mshazari, mbele ya mstari, kompyuta inauruka kama haupo. Nikapanda kutoka chini: kila mstari wenye kosa, mikwaju. Saa tisa alasiri, makosa sifuri! Ingrid akauliza nimefanyaje. Nikasema uzoefu. Akanishauri nijaribu kwanza kifaa kwenye kikombe cha chai ya moto. Wivu huo, jamani.

Ijumaa, 28 Machi
Nimekifunga dukani. Soketi ni moja tu. Nikachomoa waya fulani mweupe, nikachomeka wangu. Taa ya kijani ikawaka, nzuri mno. Mama Gahongayire akaingiza lita arobaini za maziwa mabichi, ya kuuza kesho. Akaniita mwanangu. Mara mbili! Phiona akanisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 29 Machi
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Maduka yamefungwa, mtaa mzima tunazibua mtaro mbele ya duka la mama. Nikawaambia majirani wasikilize. Kimya! Nikawaeleza kwamba huo ndio ukimya wa maziwa salama. Mzee mmoja akanipigia makofi.

Saa tano mama akafungua friji. Maziwa yote yamechacha na kuganda. Akaufuata ule waya mweupe kwa kidole, kutoka nyuma ya friji hadi ulipolala sakafuni. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, huu ni wa nini. Nikamjibu kwamba hilo ni swali zuri.

Phiona akamwita Ingrid. Sikuomba mimi! Kumbe kwenye menyu ya programu nilichagua bodi nyingine kabisa, si ile iliyo ndani ya kifaa. Ndilo kosa lenyewe, moja, la juu. Na mstari wa king'ora nao nilikuwa nimeutia mikwaju. Akarekebisha, na baada ya dakika sita king'ora kililia hadi majirani wakarudi na majembe. Niliona aibu, nikiri. Kidogo.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya misa nikaenda na suti yangu kuomba msamaha. Foleni hadi barabarani! Mama ni binti wa wafugaji. Jana alitoa igisabo, kile kibuyu cha kusukia maziwa, akasuka jioni nzima, na leo anauza ikivuguto, maziwa ya mgando. Lita arobaini, zimeisha kabla ya saa sita! Nikamkumbusha nani aliyachachusha. Akacheka hadi akakaa. Wazee wangu waje, amesema, ila kwa sharti moja: Ingrid awe miongoni mwao.

Alhamisi, 3 Aprili
Habari imefika Kabeza. Mutabazi, mjomba wake Phiona, anataka kifaa cha mashine yake ya kutotolea vifaranga. Familia imeanza kunitegemea! Makosa sitini na moja asubuhi. Ingrid akafungua mdomo. Nikamwahi, nikasema najua ninachofanya. Nikaanza chini. Kabla ya chakula, sifuri.

Mayai mia tatu yanaingia kesho. Nimeshapita kukagua chumba. Kizuri, kisafi, na soketi ipo moja.