Mama Bata Anaamka Mkekani

Jumatano, 5 Juni 2024

Dada Balbina, shikamoo. Habari za Malinyi? Na lile goti lako, limetulia? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Haya ninayoandika ni siri yangu, ila daftari likijaa nakutumia wewe. Nimwambie nani mwingine?

Banda langu la video lina hali mbaya. Vijana wote wamehamia kwa mshindani wangu Valeriani. Anawaonyesha hadithi za watoto za Kizungu zilizogeuzwa za kutisha. Jana mwanakondoo wa kitabu cha chekechea alikuwa anakula wachungaji! Watu wamejaa mpaka dirishani. Mzee Nickolaus, anayenipangisha banda, kaniambia taratibu kwamba Jumamosi nisipolijaza, anampa Valeriani funguo.

Valeriani hanijui. Natengeneza picha ya kutisha ya hadithi ya kwetu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesali, nimepata. Mama Bata! Ile uliyokuwa unanisimulia mpaka nasinzia: mafuriko yanakuja, Mama Bata anawabeba vifaranga yatima mgongoni mpaka nchi kavu. Kwangu mimi hawafiki. Anawala katikati ya maji. Baadaye anakufa, analiliwa kwa heshima zote, kisha anaamka mkekani na kutafuna waombolezaji.

Restituta kasema ni dhambi kuwaharibia watoto bata wao. Nikamkumbusha mke wangu kwamba Herode yumo kwenye Biblia, na kila Noeli tunasomewa. Kachukua mundu wake. Kaenda shambani Michenga kuvuna mpunga.

Anselim, mpiga picha wa harusi, atapiga kwa simu yake. Mama Bata ni mimi mwenyewe. Manyoya tumebandika kwa uji mzito.

Ijumaa, 7 Juni

Siku kubwa. Asubuhi tulifunga turubai mbele ya nyumba, tukatandika mikeka, tukawasha gogo la moto kama msibani. Nikalala katikati, nimefunikwa shuka. Sasa dada, unajua hapa kwetu: turubai likifungwa bila muziki ni msiba, hakuna anayeuliza. Anselim hajamaliza kupanga simu yake, wanawake wa jumuiya wameshafika na kuni, mchele na maharage. Rozari ikaanza. Mzee Nickolaus naye akaja, akavua kofia. Anselim akaninong'oneza niamke niwaambie. Nikamwambia apige tu. Waombolezaji wa bure! Salamu Maria niliitikia kimoyomoyo, nisiwe mnafiki.

Tatizo ni Restituta. Habari zilimfikia shambani. Akaja na bodaboda, mundu mkononi, akajitupa pembeni yangu.

“Pantaleo, baba wa watoto wangu, nimekuacha bila hata chai! Hata bata wako nilimtukana!”

Dada, hakuna mwigizaji anayelia vile. Ningemkatizaje? Nikasubiri amalize. Kisha nikaamka na manyoya yangu, nikanguruma kama tulivyopanga.

Walikimbia wote. Turubai likaanguka. Mzee Nickolaus aliruka sufuria la maharage, mtu wa umri ule. Asiyekimbia ni Restituta. Alinichapa kwa kandambili mpaka uji ukabanduka.

Jumamosi, 8 Juni

Banda limejaa mpaka watu wamepakatana. Kila mmoja kaja kujitafuta kwenye picha. Lakini hakuna aliyeogopa. Walicheka toka mwanzo, na Mzee Nickolaus alipotokea hewani juu ya sufuria, wakaomba irudiwe. Anselim akarudia. Wakaomba tena. Mzee mwenyewe alikaa mstari wa mbele, na wajukuu wake. Watoto sasa wanamwita Babu Sufuria.

Alinifuata mlangoni, sauti ya chini kabisa.

“Pantaleo, banda umelijaza, sikatai. Funguo nipe leo.”

Valeriani alikuwa amesimama nje, anasubiri.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa, mama mwenyekiti wa jumuiya akasema siku nikifa kweli, watatuma kwanza mtu wa kunitekenya. Watu wakacheka. Restituta pia, ndiyo mara ya kwanza toka Ijumaa. Valeriani kanipa mkono. Nimemsamehe. Hajui kinachomjia.

Maana kosa nimeliona: msiba. Nani anafurahia msiba? Kinachotakiwa ni harusi. Iko ile hadithi ya kenge mpole aliyeoa binti wa mfalme. Kwangu atawameza wageni mmoja mmoja wakienda kutoa zawadi. Nitafunga turubai, niweke muziki, watu watakuja wenyewe. Bibi harusi namtaka mwanao Paulina. Asiambiwe kitu, ili alie vizuri.

Naomba unijibu mapema, dada, na unitajie na kipimo chake cha gauni.

Mdogo wako, Pantaleo