Chupa Tatu za Dorotea

Jumatatu, 2 Julai 1984
Mke wangu Dorotea anapasuliwa uvimbe Ijumaa. Daktari anataka kwanza chupa tatu za damu. Sista Miriamu, muuguzi, akasema mume ndiye huanza. Nikamweleza kwamba damu yetu ni nyepesi, ya ukoo. Akauliza nani aliipima. Nikatoka kutafuta hewa.

Jumanne, 3 Julai
Hapa mtaani kwetu Makoko hakuna anayejitolea damu. Wanasema inauzwa. Nimepata dawa! Mimi ni balozi wa nyumba kumi, nikaita watu. Nikawakumbusha kwamba wazee walikuwa wakichanjana na kuwa ndugu. Siku hizi wanatumia chupa. Anayemtolea Dorotea ni ndugu yake kamili, naye atapata mbuzi wa mahari binti yetu Gati akiolewa.

Masatu akawahi wa kwanza. Anakitaka kiti changu cha ubalozi na uchaguzi ni Alhamisi ijayo. Hospitali wakampa soda. Soda! Mimi sijaionja tangu Pasaka.

Jumatano, 4 Julai
Shomari fundi cherehani katoa ya pili. Nikapanda basi hadi Nyamuswa kwa Wambura, baba wa mchumba wa Gati. Kakubali papo hapo. Chupa tatu! Na mkwe mwenye undugu wa damu hatachelewesha ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Akili ni mali.

Ijumaa, 6 Julai
Dorotea katoka salama. Nimelia penye bomba la hospitali. Masatu akaniona. Nikasema sabuni imeniingia machoni. Akauliza sabuni nimeipata wapi.

Jumapili, 8 Julai
Balaa. Wajumbe kutoka Nyamuswa. Wazee wao wamesema Wambura sasa ni kaka wa Dorotea, kwa hiyo mwanawe na Gati ni watoto wa ndugu. Hawaoani. Ng'ombe wanabaki kwao. Gati anautua ugali mezani kwa kishindo. Dorotea katuma neno kutoka wodini: niwe nimerekebisha kabla hajaweza kusimama.

Jumatatu, 9 Julai
Nyamuswa tena, na Sista Miriamu. Akawaeleza wazee kwamba damu ya chupa inaokoa mtu, haibadilishi ukoo. Wazee wakauliza mbona mwenye kuleta habari za undugu hajatoa hata tone. Amtolee mtu wa nyumba asiyoipenda, tuone kama ataikubali kuwa yake. Sista akasema Boke, mama yake Masatu, yumo wodini tangu Jumamosi, anasubiri damu. Sikumwomba aseme.

Jumanne, 10 Julai
Nimetoa. Sikuzimia. Nilijilaza sakafuni kwa hiari. Soda zimekwisha! Nikapewa uji usio na sukari.

Wazee walikuja kushuhudia. Wakauliza mbele ya Masatu kama sasa yeye ni ndugu yangu. Nikasema hapana, kwa moyo wangu wote. Hawajawahi kumwona mtu mkweli namna ile. Ndoa imeruhusiwa. Ng'ombe wanafika Jumamosi. Gati kaniwekea kichwa cha sangara.

Jumatano, 11 Julai
Boke kaamka, kaomba samaki. Masatu alikuja kunishukuru, machozi yanamtoka. Nilifurahi kweli, karibu nimpende.

Kisha nikafikiri. Damu yangu imo mwilini mwa Boke. Basi Boke ni dada yangu. Basi Masatu ni mpwa wangu, na mpwa hagombei kiti na mjomba wake.

Kesho kabla ya kura nitalitangaza hili mbele ya wote. Nimewaalika na wazee wa Nyamuswa, wawe mashahidi.