Doa Limekaa Mahali Pake

Jumatatu, 9 Juni

Maji yamenifika shingoni. Ijumaa tunakabidhi daftari la tafakari: mawazo yangu binafsi kuhusu historia ya sanaa na misingi ya ubunifu, ukurasa mmoja kwa wiki, wiki nane, kwa mkono. Daftari langu nimelikuta leo chini ya godoro. Jeupe pee. Ukurasa wa kwanza una jina langu na mchoro wa sikio. Sikumbuki ni sikio la nani.

Asiyekabidhi anarudia mwaka. Kurudia si kitu, watu wanarudia na wanaishi. Shida ni mdogo wangu. Amepata nafasi chuo hikihiki, kozi hiihii, anaanza Septemba. Nikirudia, tutakuwa darasa moja. Mimi na mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu! Leo mezani ameniuliza kwa upole kabisa kama kaka yake anapenda kukaa mbele au nyuma, ili amwekee kiti mapema. Bibi amecheka mpaka akayashika meno yake ya bandia.

Nimeogopa kweli. Chakula hakikupita. Nimerudia sahani moja tu.

Mpango: wiki nane ndani ya siku nne.

Jumanne, 10 Juni

Kikwazo. Mwalimu wa Historia ya Sanaa si mtu wa kuchezewa. Kabla ya kufundisha alikuwa akitibu karatasi kuukuu za makumbusho, zile zilizoliwa na wadudu. Leo ametukumbusha kwamba hataki daftari safi. Anataka daftari lililoishi, lililobebwa na kunyeshewa. Akasema mwaka jana kuna mmoja aliandika lote kwa siku mbili. Mwalimu hakulisoma. Alilinusa tu, akamrudishia na kumwambia waonane mwakani.

Alilinusa!

Rula alikuwa akitabasamu. Huyu ni jirani yangu wa darasani. Tunamwita Rula kwa sababu hupiga mstari hata chini ya tarehe. Daftari lake limevimba kwa matumizi, pembe zimekunjika, jalada limebadilika rangi. Linachukiza.

Basi mpango umepanuka. Siandiki tu, nazeesha pia. Kalamu nane tofauti, moja kwa kila wiki. Madoa ya chai. Daftari nimelikalia mchana kutwa, pamoja na somo la rangi na foleni ya maktaba, ambako nilikaa chini kwa ajili hiyo tu.

Wiki ya kwanza tayari: michoro ya mapangoni. Nimeandika kwamba mchoraji wa kale hakuwa na mwalimu wa kumdai daftari, ndiyo maana kazi yake imedumu. Wiki ya pili: nafasi tupu. Nimeeleza kwamba sehemu isiyochorwa nayo ni sanaa, kisha nikaacha nusu ukurasa. Wiki mbili kwa dakika arobaini. Sijui wenzangu hulalamikia nini.

Jumatano, 11 Juni

Wiki ya tatu, ya nne, safi. Wiki ya tano balaa. Wiki ya tano darasa zima lilikwenda makumbusho, mimi nilikuwa na homa. Homa yenyewe iliisha saa nne nilipoamka.

Nimemwomba Rula anidokeze waliona nini. Amesema tafakari ni ya mtu mwenyewe, nitumie kichwa changu. Nimekitumia. Alipokwenda kuchonga penseli nimefungua daftari lake, sekunde mbili hivi. Nimeona mchoro wa kiti. Kiti kimoja, ukurasa mzima! Basi hicho ndicho kilichotia fora siku hiyo.

Nimeandika juu ya kiti kwa hisia nzito. Nimesema nilisimama mbele yake muda mrefu. Nimesema miguu yake minne ilibeba uzito wa vizazi. Mwishoni nimetaja chozi, lakini moja tu. Sipendi kutia chumvi.

Alhamisi, 12 Juni

Wiki tatu za mwisho nimezimaliza usiku. Leo ni siku ya chai. Nimechemsha birika zima, nikaacha mpaka ikaiva nyekundu. Bibi amekuja kuuliza wageni ni akina nani. Nimemwambia ni kazi ya chuo. Amesema enzi zao chai ilikuwa ya kunywa.

Kabla ya kumwaga nikapima. Kanuni ya theluthi: gawa ukurasa sehemu tatu kwa upana, sehemu tatu kwa urefu, na pale mistari inapokutana ndipo jicho hupenda kutua. Nikaweka alama ndogo ya penseli, nikatua kitako cha kikombe kilicholowa chai hapohapo, nikafuta alama. Duara safi la kahawia. Limependeza kuliko maandishi.

Mdogo wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza tangu lini watu humwaga chai kwa rula. Nimemwambia asiyejua sanaa anyamaze. Akasema angekuwa yeye angemwaga popote tu. Popote! Nimejaribu popote kwenye karatasi ya pembeni, nikaona kichefuchefu. Duara lilikuwa limejibanza pembeni, ukurasa mzima umeinama upande mmoja. Haiwezekani.

Kurasa nane, madoa manane, yote yamekaa mahali pake. Nimezianika dirishani. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimelala kama mtu asiye na dhambi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekabidhi! Mwalimu amelipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalipeleka puani. Akavuta pumzi mara mbili. Akaliweka na mengine.

Limenuka chai na mimi. Nilijua kulikalia kutalipa.

Rula amekabidhi lake limefungwa kwa uzi kwa sababu jalada limeachia. Mtu hata daftari hawezi kulitunza.

Jumatatu, 16 Juni

Hakuna habari. Nimemwambia mdogo wangu kwamba Septemba akinikuta kwenye korido aniamkie, mimi nitakuwa mwaka wa pili. Amesema sawa kaka. Sikupenda alivyolitamka lile sawa.

Jumanne, 17 Juni

Nimeitwa ofisini.

Ofisi ndogo, meza, taa ya shingo ndefu, daftari langu chini ya taa. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu alianza kwa kusifu. Kalamu nane, wazo zuri. Pembe, zinaaminika. Harufu, kubwa. Nikamshukuru. Akasema hajamaliza.

Akasema kile kiti cha wiki ya tano ni cha mlinzi wa makumbusho. Cha plastiki. Rula alikichora kwa sababu alichoka kusimama. Nikasema hata plastiki ina vizazi vyake.

Kisha akachukua karatasi ya kunakilia, ile inayoonyesha upande wa pili, akaiweka juu ya doa la wiki ya kwanza na kulizungushia penseli. Akahamia wiki ya pili. Doa likaingia ndani ya duara bila kubaki. Wiki ya tatu, vilevile. Alifika hadi ya nane, polepole, bila sababu ya kwenda polepole hivyo. Akasema amefanya kazi na karatasi miaka ishirini. Ameona chai ya makarani, ya wanafunzi, ya wagonjwa, ya watu waliosinzia. Hajawahi kuona chai iliyoangukia kwenye theluthi mara nane mfululizo. Chai, akasema, haijasoma kozi hii.

Nikamwona akilini mdogo wangu na kile kiti alichoniwekea. Mstari wa mbele, bila shaka.

Akauliza kwa nini sikumwaga popote tu. Hapo ulimi uliniponyoka, nikasema kweli. Nikasema nilijaribu nikashindwa. Kwamba popote pengine ukurasa unaegemea, na siwezi kuuacha ukurasa unaoegemea, unanikera mpaka tumboni.

Halafu akasema hiyo ndiyo tafakari pekee ya kweli niliyowahi kuitoa, na haimo kwenye daftari. Akasema nina jicho. Akasema kuna watu husoma miaka mitatu wakaondoka bila hilo jicho, na mimi nalitumia kughushi chai.

Nilitaka kulia. Nilikohoa.

Hukumu: daftari jipya, likizo hii. Wiki nane, ukurasa mmoja wa kweli kila wiki, usizidi, usipungue, nianze na hilo la doa. Nikabidhi siku ya kwanza ya Septemba. Nikirudia mchezo, nakaa na mdogo wangu. Nimeapa mbele yake. Nimetoka pale mtu mwingine kabisa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeandika ukurasa wa kwanza. Wa kweli, kuhusu doa. Umenichukua asubuhi nzima na umenichosha kuliko kufua mablanketi. Nimeusoma mara tatu. Ni mzuri, na sisemi kwa kujisifu.

Zimebaki kurasa saba. Wiki saba ni nyingi mno kwa kurasa saba. Mchana nimeandika nyingine tatu, kalamu tofauti. Jumatatu nitakuwa nimemaliza.

Nimeelewa safari iliyopita kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa jicho. Amesema mwenyewe Mwalimu! Basi amwage mtu asiye na jicho. Bibi ana mtoto wa jicho pande zote mbili na anasubiri upasuaji. Nimempa kikombe, nikamwelekeza mezani, nikamwambia amwage anavyotaka. Amekubali, kwa sharti kwamba inayobaki anywe.

Amemwaga. Doa limeangukia karibu na katikati, limepinda, limerusha matone matatu mpaka kwenye tarehe. Mdogo wangu amechungulia, akasema safari hii nimeweza, hakuna atakayeshuku, hata yeye angeamini.

Nimelitazama dakika moja. Nimelitazama dakika mbili. Ukurasa unaegemea.

Nimeuchana. Nimenakili upya, kisha nimemwomba Bibi arudie, kushoto kidogo, juu kidogo. Nimemshika mkono. Hapo hapo, Bibi. Usitingishike.