Mjomba Mwenye Nyumba ya Ziwani

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimevuka ziwa zima mpaka kisiwani peke yangu, kasia mkononi, mawimbi yananiogopa!

Haya. Kasia alikuwa nalo Optatus. Mimi nilikaa katikati ya mtumbwi nimekumbatia begi, macho nimefumba, nasali Baba Yetu hadi mwisho, kisha naanza upya. Mtu wa Newala, ambako maji huja kwa ndoo na ugomvi, huwezi kumkalisha ghafla juu ya maji mengi namna ile. Optatus akauliza kama Wamakonde wote husali hivyo au ni mimi tu. Mtani huyo, Mmakua wa Masasi. Meno manne, maneno elfu. Ni mjomba wake Ursula, mke wa mpwa wangu January. Yaani hana uzito wowote.

Lakini nyumba! Zamani ilikuwa kibanda cha bibi yake Ursula. January kapata hela za korosho huko Dar, kaikarabati mpaka kisiwa kinaona haya. Ghorofa. Vioo upande wote wa ziwa. Kitanda ambacho ukitaka kuhamia pembe ya pili ubebe chakula cha njiani. Jirani zake ni nyumba za udongo na vichanja vya samaki, na yenyewe imesimama katikati kama bwana harusi aliyepotea shambani.

Kazi yangu kuilinda mpaka Jumapili, January na mkewe watakapokuja kuizindua. Siku hiyo hiyo watachagua mwangalizi wa kudumu. Atapewa chumba cha juu, kinachotazama ziwa.

Nimeamua, ni mimi. Kijijini Mnyambe, kwa mke wangu Josephina, sirudi. Huko naamka kabla ya jogoo kupanga foleni ya bombani, umri huu. Hapa jioni nimekaa barazani nayatazama maji tu. Hayana foleni. Hayana zamu.

Tatizo dogo: Optatus naye anakitaka chumba.

Jumanne, 5 Agosti

Niliingia stoo, taa ikawaka yenyewe. Nikaomba radhi, nikatoka, nikasubiri aliyemo amalize. Ebenezer akanikuta nimesimama mlangoni. Huyu ndiye fundi mkuu wa ukarabati, kijana wa Moshi, bado anamalizia mabomba. Akanieleza kuwa taa ina jicho, inaona watu. Nikamwambia nilijua. Nilikuwa naipima adabu.

Mchana Optatus kaja, kakaa kwenye kiti kikubwa cha ngozi bila kukaribishwa, miguu juu. Nikamwambia kiti kile ni cha wenye nyumba. Akasema ndiyo maana amekikalia. Sikumwelewa. Jeuri tu.

Nikaona nionyeshe nani mkubwa hapa. Ufukweni mbele ya nyumba, Isabela na wenzake huanika samaki. Isabela ni mjane, akiita mtu hapa anaitikia mtu aliye mbali Nanganga. Nikawatangazia kwamba vichanja viondolewe, vinanuka, hii sasa ni nyumba ya kifahari. Isabela akauliza harufu ya samaki nataka ikakae wapi, Mnyambe? Wenzake walicheka mpaka kunguru wakaruka.

Lakini vichanja wameviondoa. Ushindi!

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi una njaa.

Tangu juzi hakuna aliyeniletea samaki. Wala unga. Wala kaa la moto. Nikipita wananiamkia shikamoo mjomba, adabu tupu, nikishapita nasikia mabega yanatikisika. Friji ni kubwa kama kabati la padri, ndani mna barafu na ndimu. Ndimu nimekula. Barafu nimeikaribia.

Ebenezer anakula kwa Isabela. Nilimwomba anibebee sahani, akasema ameambiwa sahani haina ruhusa kuvuka uwanja.

Basi nikavue mwenyewe! Nikachukua mtumbwi wa Optatus, bila kumsumbua kwa kumwomba. Nikipiga kasia kulia, unageuka. Nikipiga kushoto, unageuka. Nilizunguka pale pale kama pia. Kisha ukapinduka.

Nikapiga yowe! Nakufa! Mwambieni Josephina nimemsamehe! Isabela alikuwa pembeni anaosha samaki. Hata hakukimbia. Akaniambia, "Simama, Mzee Vitalis." Nikamwambia siwezi, nazama. Akasema, "Simama kwanza, ukitoka hapo ndiyo uzame."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Kisiwa kizima kilikuwa ufukweni. Optatus alikaa chini kabisa, kicheko kilimmaliza pumzi. Ebenezer alikuwa juu ya paa, akashikilia bomba asianguke.

Isabela kanipa ugali na perege. Sharti, vichanja virudi na niombe radhi. Niliomba kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikaomba kwa ile sauti niliyozamia. Perege alikuwa mtamu, Mungu anajua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Isabela kavuka kwenda Masasi mjini, kaniachia samaki wake niwafukuzie kunguru. Nimefukuza kutwa, mkono umekufa ganzi. Aliporudi kasema ana deni langu, siku nikihitaji kitu nimwambie.

Lakini katikati ya kunguru ndipo akili iliponijia. Mila! Huku kwetu baba anazaa, mjomba anaamua. January ni mtoto wa dada yangu Maria. Mjomba wake ni mimi. Sasa uchaguzi wa nini?

Nikapita kwa wazee wa kisiwa, nyumba kwa nyumba. Nikawauliza, Jumapili tutafuata mila au tutafuata mambo ya Dar? Wote wakasema mila. Nikawaambia waape. Waliapa kwa furaha ya ajabu, wengine mara mbili. Optatus aliapa wa kwanza, mkono juu kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni. Mjinga huyu! Anajifungia mlango mwenyewe!

Nikampigia January mbele yao, sauti nje. Naye kaapa. Nyuma yake nilimsikia Ursula anacheka. Furaha ya kupata nyumba mpya hiyo.

Nimeshaweka kofia yangu kwenye msumari wa chumba cha juu.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni, pilau, ngoma. Ursula kavaa kitenge kinachofanana na mapazia. Optatus kavaa viatu, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Nilisimama kwenye ngazi ili nionekane. Nikasema kwa mila zetu, neno la mwisho juu ya nyumba ni la mjomba. Vigelegele! Nikasema kila mzee hapa ameapa. Makofi! Nikainama kushukuru.

Isabela akaomba niwasaidie jambo dogo. Kiwanja hiki ni cha nani? Nikajibu, cha bibi yake Ursula. Je, January kaja kujenga kwa mkewe, au mke ndiye kaenda kwa mume? Kaja kwa mkewe, nikasema, nikashuka ngazi moja. Na wewe, Mzee Vitalis, huko Mnyambe umejenga kwa nani?

Kwa Josephina.

"Na choo kilipochimbwa, nani alisema kichimbwe wapi?"

Mjomba wake Josephina, nikajibu, kwa sauti iliyobaki ndani ya kola. Alinichimbisha mara mbili. Cha kwanza alisema kinatazama vibaya.

"Basi hapa mjomba ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Optatus. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha ngozi!

Nikasema labda tusiwe wakali sana na mila, dunia inabadilika, tupige kura. January akaja karibu, akaniambia taratibu, "Mjomba, umetuapisha wote."

Nilipanda kuchukua kofia yangu. Nilikawia pale dirishani. Halafu nikashuka barazani, nikayatazama maji. Optatus akaja kusimama ubavuni. Hakunitania, nikaogopa, nikajua hali ni mbaya. Akasema chini kuna chumba kina kitanda na dirisha. Dogo, lakini ziwa linaingia. Msimu wa korosho ukiisha niwe nakuja, nikae hata mwezi.

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimekubali kabla hajafunga mdomo.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi, nasubiri mtumbwi. Sijashindwa! Kosa nimeliona, ni dogo tu. Nilikuwa mjomba wa upande usiofaa.

Sasa sikiliza. Ebenezer ana kazi, ana akili ya taa, na kidoleni hana pete. Dina, mdogo wake January, yuko Tandahimba hana mume. Ebenezer akimwoa Dina, atajenga kwa kina Dina. Ghorofa! Vioo! Na mjomba wa Dina ni nani? Ha!

Optatus anasema huko Moshi mke ndiye huenda kwa mume, na mjomba huambulia kukaribishwa chai. Wivu umemkaba. Ebenezer mwenyewe nilipomgusia akasema ana mchumba kwao. Aibu za kijana. Nikamwambia yote tisa, kumi tufuate mila. Akauliza mila za kwenu au za kwetu. Nikamwambia zozote, ila aape.

Dina nimempigia aanze kuchagua rangi ya mapazia. Kakata simu. Furaha imemzidi.

Isabela, najua hulichungulia daftari hili nikienda kunawa. Kwa hiyo nakuandikia hapa hapa, tusipoteze muda. Wale kunguru niliwafukuza kutwa, na ulisema nikihitaji kitu nikwambie. Sitaki makubwa. Nipe perege mkavu mmoja, wa wastani, kichwa asikatwe, nimpe Ebenezer kama zawadi ya mkwe. Mfunge vizuri kwenye gazeti. Na uharakishe, Optatus ameshashika kasia.