Kijana wa Miaka Arobaini na Sita

Jumatatu, 3 Juni
Bima ya bei chee imefika mtaani! Haigusi mafua wala jino bovu, lakini ukivunjika mgongo au ukipasuliwa, inalipa. Mimi fundi wa kuezeka nataka nini tena? Wiki jana niliteleza nikabaki nikining'inia kwenye bati. Tangu hapo mke wangu akiniona na ngazi anageuza uso. Kikwazo kimoja tu: ni ya walio chini ya miaka thelathini. Mimi nina arobaini na sita. Dosari ndogo.

Jumanne, 4 Juni
Nimepaka nywele rangi nyeusi. Masharubu nayo. Mke kauliza kama nimelala kwenye gunia la mkaa. Anataka twende tukaulize kama kuna bima ya umri wetu. Hana mipango, maskini.

Jumatano, 5 Juni
Ofisini, na kofia ya mwanangu, nimeigeuza nyuma mbele. Nikaandika: miaka ishirini na tisa. Kitambulisho? Kimepotea. Karani, binti mdogo, alikuwa ameshaanza kuniamini. Kisha akainua uso akanipa shikamoo. Nikajibu marahaba mwanangu, hujambo? Ulimi hauna mfupa! Akaweka kalamu chini. Akauliza kwa adabu kifungua mimba wangu ana miaka mingapi. Ishirini na mbili, nikasema, tena kwa fahari. Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Misumari, fundi mwenzangu, anayeninyang'anya wateja. Fomu yangu ikapigwa muhuri: AMEDANGANYA.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepanda paani na hasira zangu. Jasho likateremsha rangi yote usoni. Mwenye nyumba akatoka, akaniona, akapiga yowe. Nikashtuka, nikakosa ngazi. Kifundo kimeteguka. Mke kanifunga bandeji huku analia. Hilo limeniuma kuliko mguu.

Ijumaa, 7 Juni
Lo! Redio imetangaza: bima ile sasa ni ya kila mwenye kipato kidogo, umri wowote! Misumari kaingia kwa umri wake halisi, mshenzi. Mimi? Waliodanganya wanasubiri miezi sita. Nimekaa kitandani nikimlaani karani. Mara mke kaingia na kadi. Kajiandikisha yeye, mimi kaniweka chini yake. Karani kamwambia marufuku ni ya kuomba, si ya kuombewa. Kadi inasema mimi ni MTEGEMEZI. Mimi! Lakini usiku mke kalala fofofo, mara ya kwanza tangu niteleze.

Jumatatu, 10 Juni
Nimesikia wenye miaka sitini wanalipa nusu! Nitapata kadi yangu mwenyewe, utegemezi kwaheri. Nimejipaka unga kichwani, nimeazima mkongojo. Kuchechemea ninako kwa kweli, bahati iliyoje. Mke asijue. Safari hii nimefanya mazoezi njia nzima: marahaba, marahaba, kwa sauti ya kukwaruza. Dirishani nikamkuta karani mwingine, mwanamume mwenye mvi tupu. Kabla hajafungua mdomo, nikamwahi.

Shikamoo, mzee!