Kiazi Kitamu cha Panya Namba 31

Jumatatu, 16 Oktoba
Ijumaa ni ibada ya kuwashukuru wanyama wa maabara waliokufa mwaka huu. Profesa Kuroiwa anatafuta mtu wa kusoma maneno mbele ya jiwe lao la kumbukumbu, nyuma ya kitivo cha tiba. Mkuu wa kitivo atakuwepo. Na yeye ndiye anayegawa nafasi ya mhadhiri msaidizi! Nimejitolea kabla Profesa hajamaliza kusema. Nirasawa, mdogo wetu wa maabara, alishainua mkono. Nimejifanya sikuuona. Mimi nina miaka thelathini na minne, yeye ishirini na saba na tayari ana makala mbili. Mtu ajitetee.

Jumanne, 17
Nimeandika kurasa tatu. Profesa kasema zinafanana na maelekezo ya mashine ya kufulia. Nitaje basi panya mmoja niliyemfahamu. Nirasawa kacheka chini chini, kisha kaniletea chai. Eti kaka Isurugi usijali, hata mimi nikiona kipaza sauti nashikwa na kigugumizi. Wema wake unaniudhi. Desemba anakabidhi tasnifu yake: panya wanaopunjwa chakula hukumbuka njia vizuri kuliko walioshiba. Mama yake kule Akita ameshamnunulia kimono cha mahafali.

Jumatano, 18
Nimempata. Namba 31! Mwembamba, macho ya kuomba. Utafiti wangu mimi ni wa usingizi, nilikuwa nampita tu nikienda kwa panya wangu. Nilidhani wahudumu wanamsahau. Nimeandika huku machozi yananitoka, na si ya kuigiza.

Ijumaa, 20
Manyunyu. Maua meupe, ubani, vipande vya jibini juu ya jiwe. Nimesoma vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikamwambia 31 kwamba sijasahau alivyosimama kwa miguu ya nyuma kila jioni, akingoja kipande changu cha kiazi kitamu cha kuchoma. Mkuu wa kitivo akafuta macho. Hapo nikapata moto. Nikaongeza kuwa sikumpendelea, majirani zake wa safu ile wote niliwagawia.

Watu wa maabara wakainamisha vichwa. Nikadhani ni huzuni. Kisha nikamwona Nirasawa. Safu ile ndiyo ya wenye njaa. Ndiyo tasnifu yake. Akaniuliza taratibu, tangu lini. Nikasema tangu mwaka juzi, maua ya cheri yalipochanua. Akaketi palepale kwenye nyasi zilizolowa, na sketi yake nyeusi ya ibada.

Jumamosi, 21
Profesa kasema hakuna cha kuokoa. Wenye njaa walikuwa wameshiba. Nirasawa anaanza upya, miaka miwili mingine. Hakunifokea, heri angenifokea. Aliomba tu nimrudishie ufunguo wa chumba cha panya. Nilipotoka alikuwa kwenye simu, anamweleza mama yake asije Machi kwenye mahafali. Najuta. Ningeuliza tu, mara moja, kwa nini 31 amekonda.

Jumatatu, 23
Nimemwandikia Nirasawa barua ya kumwomba radhi. Kurasa nne, zote za moyoni. Nimeirudia kuisoma nikalia tena. Kumpa kimyakimya ingekuwa hasara. Jumatano kuna kikao cha kitivo kizima, mkuu yumo. Nimeomba dakika tano na kipaza sauti. Nirasawa bado hajui. Nimemwekea kiti mbele.